Aliomba kalamu, tukamcheka

Kila mwaka miezi ya Agosti na Septemba inapofika, kituo cha matatu cha mji wa Nyeri hupata abiria wa aina yake. Ni vijana waliovaa nguo mpya ambazo bado zina mikunjo ya dukani, kila mmoja ameshika bahasha ya kaki yenye barua ya kuitwa chuoni, na nyuma yake yupo mzazi aliyejitwika godoro lililofungwa kwa kamba ya katani. Wengi wao wameteremka kutoka vijiji vya Tetu: Ihithe, Wamagana, Gathuthi na kwingineko pembezoni mwa msitu wa Nyandarua. Majirani wamewachangia nauli na karo, kanisa limewaombea, na chifu ametoa nasaha ndefu kuliko ilivyohitajika. Wanaondoka kwao wakiwa mashujaa. Leo, ndugu msomaji, ningependa tuyazungumzie yale yanayowapata majuma machache baadaye, ushujaa huo unapokutana na darasa la watu mia tatu.

Mimi ni mhadhiri wa isimu, yaani taaluma ya lugha. Mwishoni mwa mwaka uliopita wa masomo niliwataka wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza waniandikie ukurasa mmoja juu ya mwaka walioumaliza. Sikutaka nadharia wala majina ya wataalamu, na niliwaahidi kwamba zoezi lenyewe halingesahihishwa. Nilitaka tu kujua walivyouona mwaka huo. Kurasa zilikuja nyingi kuliko nilivyotarajia, na nilizisoma kwa siku nne.

Wengi waliandika juu ya pesa. Waliandika juu ya mkopo uliochelewa, juu ya chakula cha mara moja kwa siku, na juu ya mfumo mpya wa ufadhili ulioanzishwa mwaka 2023, ambao Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba Desemba 2024 na mvutano wake ukaendelea katika rufaa. Haya yana uzito wake, nayo yamejadiliwa sana katika kurasa za magazeti, kwa hiyo sitayarudia. Wengine waliandika juu ya mapenzi. Hayo nayo nayaacha, maana kila kizazi hudhani kimeyagundua chenyewe.

Ukurasa mmoja ndio uliokataa kuniondoka akilini. Uliandikwa na binti wa Tetu, tarafa niliyozaliwa. Nimemwomba ruhusa ya kuueleza hapa, naye amenikubalia kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe.

Alisimulia kwamba katika juma la tano la muhula wa kwanza darasa lilikuwa na jaribio fupi la kuandika. Wino ukamwishia katikati ya jibu. Akainua mkono, na mhadhiri alipomwitikia akasimama na kusema, kwa adabu aliyofunzwa nyumbani, "Naomba karamu." Alikusudia kalamu, lakini ulimi wa nyumbani ulimtolea karamu. Mhadhiri akamjibu kwamba karamu ni ya Jumapili, leo kuna jaribio. Darasa zima likaangua kicheko, la watu mia tatu na ushei, na jirani yake mmoja akampa kalamu huku machozi ya kicheko yakimtoka. Binti akaketi, akamaliza jaribio, na tangu siku hiyo hakufungua tena kinywa darasani hadi mwaka ukaisha.

Mhadhiri huyo alikuwa mimi.

Nitasema kweli: siku ile niliisahau kabla sijafika ofisini. Kwangu ilikuwa mzaha mdogo wa kuwaamsha watu waliosinzia. Lakini ukurasa haukuishia hapo. Binti aliendelea kueleza jinsi alivyoishi miezi iliyofuata. Usiku huo huo alichukua daftari akaanza kuorodhesha maneno yote yenye sauti za l na r ambayo angeweza kuyahitaji darasani, na kando ya kila neno akaandika badala yake lisilo na sauti hizo. Kalamu ikawa peni. Rafiki akawa mwenzangu. Lakini ikawa ingawa, hata kama sentensi nzima ililazimika kupinduliwa ili neno hilo lipate mahali pa kukaa. Kisha akakwama. Aligundua kwamba neno swali lina l, na kuuliza kuna l vilevile. Jibu halina. Kwa hiyo, aliandika, angeweza kujibu akilazimishwa, ila hakuwa na njia ya kuuliza. Hata kuniita kulimtatiza, kwa kuwa mwalimu ni neno lenye l, daktari lina r, na profesa pia lina r (cheo ambacho, kunradhi, bado sijakifikia). Ndiyo sababu, alieleza, kila tulipokutana ujiani alikuwa akisema hujambo tu na kupita, nami nilimdhania kuwa mtoto asiye na heshima.

Hebu msomaji azingatie alichokifanya binti huyu. Bila kuagizwa na mtu, aliuchambua msamiati wa lugha kwa kigezo cha fonimu mbili, akazitenga, akatafuta visawe, na akagundua pengo katika mfumo. Wapo wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu ambao hawajafanya uchambuzi wa kiwango hicho, na wapo ambao hawataufanya kamwe. Nilipolifungua daftari la matokeo nilikuta kwamba katika sehemu ya kushiriki darasani, yenye alama kumi, nilikuwa nimempa tatu. Pembeni nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: mkimya, hana ari.

Tuitazame kwanza sauti yenyewe, maana watu husema ovyo juu yake. Gikuyu haina l. Sauti iliyopo ni r, nayo hutamkwa kwa ncha ya ulimi kugusa ufizi mara moja tu. Mtoto aliyelelewa katika lugha hiyo hajifunzi kupambanua sauti mbili mahali ambapo lugha yake ina moja, kama vile mtu aliyezaliwa mahali penye msimu mmoja asivyoona haja ya kuupa jina. Anapokutana na Kiswahili, masikio yake huzisikia kalamu na karamu kuwa neno moja. Baadaye anapoonywa kwamba anakosea, hujirekebisha kupita kiasi, na hapo ndipo tunaposikia balua na lafiki. Kosa hilo la pili ni dalili ya juhudi, ingawa ndilo linalochekwa zaidi. Tena jambo hili halihusu Wagikuyu peke yao. Mjaluo ana taabu yake na sh, na shamba likawa samba. Mswahili wa Lamu, ambaye sote tunamsujudia kwa ufasaha, akija Tetu na kuambiwa atamke irabu saba za Gikuyu, yeye mwenye irabu tano, atatuchekesha hadi jua lichwe. Tofauti ni kwamba hakuna atakayempa alama tatu katika kumi kwa sababu hiyo.

Sasa nije kwenye jambo ninaloona haya kulisema, nalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Kwa nini nilicheka? Mimi ni mtaalamu wa lugha. Ninayajua haya yote kuhusu r na l, na huyafundisha kila mwaka katika mhadhara wa sita. Nilipaswa kuwa mtu wa mwisho katika jengo lile kucheka.

Nilijiunga na chuo kikuu mwaka 2000, baada ya kukaa nyumbani karibu miaka miwili nikingoja nafasi, kama ilivyokuwa desturi ya wakati huo. Siku ya kwanza mhadhiri alituuliza mmoja mmoja tumekuja kusoma nini. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikasema kwa sauti ya kujiamini kwamba nimekuja kusoma rugha. Mnaweza kukisia yaliyofuata. Kwa muhula mzima wenzangu waliniita Rugha. Walipiga hodi kwenye chumba changu bwenini wakisema, "Rugha yupo?" Nami nilicheka pamoja nao, kwa maana nilikwisha kutambua kwamba anayechekwa akicheka huonekana mkubwa kidogo. Usiku, bafu likiwa tupu, nilisimama mbele ya kioo kilichovunjika pembe nikarudiarudia lala, lulu, leo, lugha, lugha, lugha, mpaka mlinzi alipouliza huko ndani kuna nani.

Ulimi ulinyooka. Ulinyooka hasa, hata leo hakuna anayenisikia akajua nimetoka wapi, na kwa miaka mingi nimejivunia jambo hilo. Ila sasa naona kwamba sikujifunza l peke yake katika bafu lile. Nilijifunza pia kwamba yule kijana wa Tetu aliyekuwa ndani yangu ni mtu wa kufichwa. Binti aliposimama na kuomba karamu, niliisikia sauti yangu mwenyewe ya mwaka 2000 ikinifichua mbele ya watu mia tatu, nikawahi kuizima kwa mzaha kabla mtu hajatambua kwamba tumetoka kijiji kimoja. Hii si sababu ya kunisamehe. Nimeieleza kwa kuwa naamini siko peke yangu katika vyuo vyetu.

Likizo ndefu ya mwaka huo wa kwanza niliporudi Tetu, nyanya yangu aliniuliza chuoni nasoma nini. Tulikuwa tukichuma kahawa. Nikamwambia nasoma lugha. Akachuma matawi mawili matatu kimya, kisha akaniuliza, "Kwani ulikwenda huko bila lugha?" Nilimcheka. Nilidhani hakuelewa. Niliporudi chuoni, mhadhiri mmoja aliandika ubaoni kanuni iitwayo Kanuni ya Dahl, kwa jina la Edmund Dahl, mmisionari wa Kijerumani aliyefanya kazi Unyamwezi. Mwanaisimu Carl Meinhof ndiye aliyeipa jina hilo mwaka 1903. Kwa ufupi, katika baadhi ya lugha za Kibantu, sauti k ikifuatwa na silabi inayoanza kwa sauti sighuna kama t au k, hugeuka kuwa ghuna, yaani g. Nilitazama mifano ya Kinyamwezi, kisha nikaanza kujinong'onezea maneno ya nyumbani. Tunasema kĩondo na tunasema kĩrĩma, kwa k. Lakini kitanda kwetu ni gĩtanda, na kikombe ni gĩkombe. Hata jina la kabila lenyewe ambalo Waswahili hulitamka Kikuyu, sisi wenyewe husema Gĩkũyũ, kwa kuwa k inafuatwa na k nyingine. Nyanya yangu hakuwahi kuingia darasani hata siku moja, na katika maisha yake yote hakuikosea kanuni hiyo hata mara moja. Aliitumia akiniita nikanywe uji. Swali lake shambani lilikuwa swali la isimu, tena zuri kuliko lolote nililoulizwa mwaka ule.

Hapo ndipo nilipoipenda taaluma hii. Ni ajabu basi kwamba niliupokea ujuzi huo, nikaufanyia shahada tatu, na bado nikawa mtu wa kumkejeli mjukuu wa bibi mwingine wa Tetu.

Tetu imepata kumtoa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye dunia nzima inamjua. Wangari Maathai alizaliwa Ihithe mwaka 1940. Watu humkumbuka kwa miti, kwa Uhuru Park, na kwa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya mwaka 2004, na watu wa Tetu wanamkumbuka pia kama mbunge wao aliyechaguliwa mwaka 2002. Mimi huufikiria zaidi mwezi wa Septemba 1960, alipoondoka Kenya akiwa mmoja wa mamia ya vijana waliopelekwa Marekani kwa juhudi za Tom Mboya na msaada wa wakfu wa familia ya Kennedy. Alikwenda katika chuo cha watawa cha Mount St. Scholastica, mji wa Atchison, jimbo la Kansas. Katika kitabu chake cha maisha, kilichotoka mwaka 2006, anasimulia kwamba njiani kutoka New York, basi lao liliposimama Indiana, yeye na mwenzake walikataliwa kuketi ndani ya mkahawa na kunywa soda kwa sababu ya rangi yao. Mwaka wake wa kwanza wa chuo ulianza hivyo, hata kabla hajafungua sanduku.

Lakini jambo hasa ninalolitafakari ni la kabla ya safari hiyo. Maathai ameandika jinsi ambavyo katika shule ya bweni aliyosoma karibu na mji wa Nyeri, mwanafunzi aliyesikika akisema lugha ya mama alivishwa kifungo kilichoitwa monita, chenye maneno ya kumdhalilisha, na akalazimika kukaa nacho hadi amnase mwingine. Sisi tuliosoma shule za msingi miaka ya 80 tulikijua kidude hicho kwa jina la diski. Ilikuwa kipande cha mbao chenye kamba, kikinuka jasho la shingo za watu wengi. Ubaya wake mkubwa haukuwa ile fimbo ya jioni. Ubaya ulikuwa kwamba kilitufundisha kuwinda wenzetu. Mtoto mwenye diski hakuwa na haja ya mwalimu tena. Alizunguka uwanjani akitega sikio, akitumaini kwamba rafiki yake atateleza. Ukiwatazama wanafunzi mia tatu wakimcheka mmoja aliyesema karamu, wengi wao wakiwa na sauti zao wenyewe za kuficha, utatambua kwamba diski bado inazunguka, ingawa mbao yenyewe ilikwisha kuchomwa.

Huko Kansas Wangari alisomea baiolojia. Katika hotuba yake ya kupokea Tuzo ya Nobeli, Oslo, Desemba 2004, alikumbuka kijito cha karibu na kwao, jinsi alivyokwenda kuteka maji na kujaribu kuokota mayai ya chura kwa vidole akidhani ni shanga, na jinsi baadaye alivyoona maelfu ya viluwiluwi wakiyakoroga maji yaliyo maangavu. Hiyo ilikuwa baiolojia kabla ya Kansas, nayo ilipatikana kwa Gikuyu. Chuo kilimpa darubini, majina ya Kilatini na nidhamu ya kupima. Macho alikwenda nayo kutoka Ihithe. Mimi siamini kabisa kwamba angeyahifadhi macho hayo lau walimu wake wa mwaka wa kwanza wangemshawishi kuwa msichana aliyetoka mtoni hana cha kusema.

Mwenzangu mmoja katika idara, mtu ninayemheshimu, alinisikiliza nikiyasema haya wakati wa chai, kisha akanipinga. Alisema binti huyu anasomea ualimu wa Kiswahili. Miaka mitatu ijayo atasimama mbele ya watoto, na akiwaambia washike karamu, watashika karamu maisha yao yote. Je, tuwaache watoto waharibikiwe kwa kumhurumia yeye? Hoja hiyo ina nguvu na sitaki kuipita kando. Mwalimu wa Kiswahili anapaswa kutamka Kiswahili. Sitaki vyuo vyetu vitoe walimu wasiojua kama wameomba wino au wali. Ninalokataa ni kudhani kwamba kicheko ni njia ya kufundisha matamshi. Sauti hufundishwa kwa kumwonyesha mtu ulimi unapokaa, kwa kumpa jozi za maneno azisikilize, kwa kumrudisha mara ishirini bila kumwonea. Ni kazi ya nusu saa kwa juma, kwa majuma kumi hivi. Binti alikaa kwangu mwaka mzima, na nusu saa hiyo sikumpa hata mara moja. Nilimpa kejeli, naye akajifunza kilichofundishwa, yaani kunyamaza.

Mwenzangu akaongeza kwamba mimi nililichekwa na ulimi ukanyooka, kwa hiyo dawa inafanya kazi. Nilimjibu kwamba katika kundi letu la mwaka 2000 tulikuwa watu wa Nyeri na Murang'a wapatao kumi na wawili, na ni mimi peke yangu niliyeendelea na isimu. Waliobaki sikujua walikuwa na maswali gani. Hatukuwahi kuyasikia.

Ukweli ni kwamba vyuo vyetu vimeupanga mwaka wa kwanza kana kwamba hakuna anayetarajiwa kusema. Madarasa ya mwaka huo ndiyo makubwa kuliko yote, na mara nyingi hupewa mhadhiri mgeni au mwalimu wa muda anayelipwa kwa kozi, kwa kuwa wakubwa wa idara wamejihifadhia wanafunzi kumi wa uzamili. Tunalo hata somo la lazima liitwalo Stadi za Mawasiliano, ambalo nimepata kulifundisha katika ukumbi ambamo waliokaa nyuma walinisikia kwa kukisia. Mwanafunzi anaweza kufaulu somo hilo la mawasiliano bila kuwasiliana na mtu yeyote. Kipaza sauti ni kimoja, nacho anacho mhadhiri.

Na mtu asidhani kwamba hili ni suala la hisia za vijana tu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na papo hapo imeiagiza serikali kukuza na kulinda lugha mbalimbali za watu wa Kenya. Tunawafundisha wanafunzi kifungu hicho, wanakikariri na kukiandika katika mtihani. Kisha mmoja wao akisimama na lugha yake ya kwanza ikachungulia katika lugha yake ya pili, tunamwambia karamu ni ya Jumapili.

Pale Nyeri, kwenye barabara ya kwenda Mweiga, kipo chuo kikuu chenye jina la Dedan Kimathi, naye pia mzaliwa wa Tetu. Kilianza mwaka 1972 kama taasisi ya ufundi iliyojengwa kwa harambee, kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2012. Mimi sifundishi huko, lakini kila ninapopita hukumbuka kwamba waliochanga shilingi zao mwaka 1972 walikuwa wakulima ambao wengi wao wangechekwa katika ukumbi wangu. Hawakungoja kunyoosha r zao ndipo wajenge shule ya wajukuu.

Yapo ambayo nimekwisha kuyaamua kwa upande wangu, bila kungoja kikao cha seneti. Alama za kushiriki darasani sitazitoa tena kwa kuhesabu mikono iliyoinuliwa. Maswali ya mwaka wa kwanza nitayapokea kwa maandishi, kwenye vikaratasi, katika dakika kumi za mwisho, nami nitayasoma kwa sauti na kuyajibu, mpaka watakapozoea kwamba swali haliumi. Na mhadhara wa sita, ule wa r na l, nitauhamishia siku ya kwanza. Nitauanza kwa kisa cha Rugha. Sikuwahi kumsimulia mwanafunzi yeyote kisa hicho kwa miaka yote niliyofundisha.

Juma lililopita nilimwita binti ofisini nimwombe radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno, na nilipoanza kuyasema yakawa mengi kuliko nilivyokusudia. Nikamweleza habari za bafu na kioo, nikamweleza tulivyotoka tarafa moja, nikamwambia orodha yake ya maneno ni kazi ya kitaalamu na kwamba ningependa aiendeleze iwe tasnifu yake ya mwaka wa nne. Alinisikiliza akiwa amekaa ukingoni mwa kiti, mkoba umepakatwa. Nilipomaliza alinyamaza kidogo, akautazama mlango, kisha akaniangalia.

"Asante, mwarimu," alisema. "Nina swari. Zile arama tatu, zitabaki?"

Nikamwambia ukweli, kwamba bodi ya mitihani ilikwisha kupitisha matokeo na mimi sina uwezo wa kuyabadilisha. Aliitikia kwa kichwa, akasimama, akasema ana kipindi saa nane, akaenda zake.